Diski iliyokuwa inakufa: kisa cha mwalimu aliyebadilisha diski ya laptopu yake mwenyewe

Usuli

Mwenye laptopu ni mwalimu wa sekondari katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Jina lake, shule na wilaya nimeviacha, pamoja na mambo mengine madogo ambayo jirani yake angeyasoma akamjua. Kisa ni cha mwaka 2024. Mimi nilikuwa mkoa mwingine, upande wa pili wa simu. Skrubu zote alizifungua kwa mkono wake.

Mashine ni ThinkPad T430, ya mwaka 2012, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kama ilivyo kwa walimu wengi. Ofisi za Ulaya zinapobadilisha kompyuta zao, za zamani huingia kwenye makontena na kuishia kwenye maduka yetu. Ni mashine nzuri. Mwili wake mgumu, kibodi yake haichoshi vidole, betri inachomoka kwa nje. Ukiacha feni na sehemu ya DVD, diski ndiyo kitu pekee ndani yake kinachotembea: sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika kutegemea aina, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Kitu cha namna hiyo kikifanya kazi miaka kumi na zaidi, kwenye barabara za vumbi na umeme wa kukatika, kinastahili kuchoka.

Ndani ya diski hiyo kulikuwa na matokeo ya wanafunzi ya miaka kadhaa kwenye Excel, mitihani aliyotunga, maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, na picha za familia. Nakala ya akiba ilikuwa flashi moja yenye mafaili ya zamani. Muhula ulikuwa unakaribia kufungwa na alama zilikuwa zinasubiriwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Mambo yalivyokwenda mpaka aliponipigia

Kwanza mashine ikawa nzito. Kuwaka tu ikawa kazi ya kuiwasha, kwenda kuchemsha chai, na kurudi. Kisha folda ya matokeo ikawa inaganda: taa ya diski inabaki imewaka mfululizo bila kupepesa, na kutoka upande wa chini unasikika mlio mdogo, tik, kimya, tik. Mwalimu mwenzake anayejua kompyuta kidogo akamwambia Windows ina dawa yake, akaandika `chkdsk /r`, mashine ikaachwa ijikague usiku kucha.

Asubuhi ilikuwa bado haijamaliza na imeganda. Walipoizima na kuiwasha ikatoa maandishi haya kwenye kioo cheusi: 2100: Detection error on HDD0 (Main HDD). Hiyo ni namba ya Lenovo ya kusema kwamba mashine imeshindwa kuitambua diski kuu. Wakaiacha ipoe, mchana ikakubali kuwaka tena. Hapo ndipo aliponipigia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Laptopu imewaka sasa hivi, nataka nihamishe vitu haraka kabla haijazima tena. Nianzie wapi?"

"Izime kwanza, mwalimu. Sasa hivi, usifungue chochote."

Hakupenda jibu hilo, na namwelewa. Mtu akiona mlango umefunguka anataka kuingia. Lakini Windows ikishawaka haikai bure. Inasoma na kuandika kwenye diski muda wote: masasisho, orodha za utafutaji, kumbukumbu za muda. Kwenye diski ambayo kichwa chake kinashindwa kusoma, kila sekunde ya kazi hiyo inakula uhai ambao ungetumika kusoma faili la matokeo. Tulihitaji kuiamsha diski ile mara chache, kwa kazi moja tuliyoipanga.

Uamuzi wa kwanza: fundi wa mjini au nyumbani?

Kulikuwa na njia mbili. Kuituma laptopu kwa basi mpaka kwa fundi mjini, au kufanya kazi yote pale alipo. Tulichagua kubaki, kwa sababu tatu ambazo uzito wake haulingani.

Nyepesi ilikuwa pesa. Ya pili ilikuwa mtikisiko: diski inayoanza kulia haifai kusafirishwa kwenye buti la basi. Nzito zaidi ilikuwa alama za wanafunzi. Majina, namba na matokeo ya watoto ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata bila sheria, mwalimu hakutaka mitihani ambayo haijafanywa ilale kwenye meza ya mtu asiyemjua. Angekuwa na laptopu ya kisasa ambayo diski yake imefunikwa na mwili mzima wa mashine, au diski ambayo haitambuliki kabisa, ningemshauri vingine. T430 ni rafiki kwa kazi hii, na diski ilikuwa bado inasomeka.

Uamuzi wa pili: kuokoa kabla ya kubadilisha

Kwenye kompyuta ya shule alitengeneza flashi ya GB 16 kwa Ventoy, programu inayokuwezesha kuweka mifumo kadhaa kwenye flashi moja, akaiwekea Linux Mint na Windows 10. Bando la kupakua vitu hivyo ndilo lililochukua muda. Kisha akawasha laptopu huku akibonyeza F12, akachagua flashi, na Mint ikawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows iliyokuwa kwenye diski.

Tulianza kwa kuangalia SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski yenyewe hujiwekea kuhusu afya yake. Programu ya Disks kwenye Mint inaionyesha. Juu kabisa iliandika Disk is OK. Mwalimu alifurahi, nikamwomba ashuke chini mpaka mstari wa Current Pending Sector Count. Palikuwa na 424. Hizo ni sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijazibadilisha kwa sekta za ziada ilizojiwekea. Mstari wa Reallocated Sector Count, yaani sekta ambazo zimeshabadilishwa, nao haukuwa sifuri. Hukumu ya jumla ya SMART hubadilika pale tu kipimo kinapovuka kiwango alichoweka mtengenezaji, na diski nyingi hufa zikiwa bado zimeandikwa OK. Namba ya sekta zinazosubiri ndiyo ya kuamini. Ikiwa juu ya sifuri na inapanda, anza kunakili.

Kwa kunakili, aliazima diski ya nje ya TB 1 kwa mwenzake. Tukafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, akaandika `lsblk` kuona diski zote na majina yake, kisha akaifungua sehemu ya Windows kwa kusoma tu:

`sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt`

Hilo `ro` ndilo lililonipa amani. Linaizuia Linux isiandike hata herufi moja kwenye diski mgonjwa.

Folda ya matokeo na folda ya mitihani kwa pamoja hazikufika GB 2. Tulizichukua hizo kwanza kwa `rsync`, amri ya kunakili mafaili, kwa sababu ikikuta faili lisilosomeka hulitaja na kuendelea na linalofuata, wakati ukiburuta kwa panya kazi husimama na kukuuliza. Ilipita vizuri, ikakwama kwa dakika kadhaa kwenye faili moja la Kidato cha Pili, ikalitaja, ikaendelea. Matokeo mengine yote yalitoka.

Baada ya hapo tu ndipo tulipochukua nakala ya diski nzima, kwa `ddrescue`:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda /media/mint/NJE/diski.img /media/mint/NJE/diski.map`

Programu hii husoma kwanza sehemu nzima zinazosomeka haraka, na sehemu ngumu huziruka ili izirudie baadaye. Faili la `map` ndiyo kumbukumbu yake ya wapi imefika. Nilisisitiza liwekwe kwenye diski ya nje. Mfumo unaoendeshwa kutoka kwenye flashi huweka mambo yake kwenye RAM, na RAM husahau kila kitu mashine ikizima.

Usiku umeme ukakatika. Betri ya laptopu, nayo mzee, ilijikaza kidogo ikazima. Asubuhi mwalimu aliwasha tena kwa flashi, akasakinisha upya `ddrescue` kwa sababu nayo ilifutika na RAM, akarudia amri ileile, na kazi ikaendelea pale ilipoishia. Kabla ya kubonyeza Enter nilimwomba aandike tena `lsblk`. Majina kama sda na sdb yanaweza kubadilishana mashine ikiwashwa upya, na kosa la hapo halina dawa. Ndiyo sababu pia nilichagua nakala iwe faili kwenye diski ya nje, badala ya kuandika moja kwa moja juu ya diski mpya: ukiandika kwenye faili, huwezi kwa bahati mbaya kuifunika diski ya zamani kwa diski tupu.

Mwishoni iliandika 99.98% rescued.

Uamuzi wa tatu: kununua diski gani

Diski ya zamani ilikuwa na vitu vya kama GB 130. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya inchi 2.5 yenye kiungio cha SATA kama cha diski ya zamani na ukubwa wa GB 240, ilitosha, na tofauti ya kasi ni kubwa kuliko namba za dukani zinavyoonyesha. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kumi na ushee kukifikia kipande kimoja cha data, kwa sababu kichwa kinasafiri na sahani inasubiriwa izunguke. SSD hufika kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo laptopu nzee hupata ujana.

Muuzaji wa kwanza alimwambia achukue M.2, SSD ya umbo la kadi ndogo, kwa kuwa ndiyo mpya. M.2 haina pa kukaa kwenye T430. Wa pili, duka lililoko mjini, alimtumia kwa basi SSD iliyoandikwa TB 1, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu ya ile ya GB 240 yenye chapa inayojulikana. Nilipoona picha niliomba tuipime kwanza.

Waya wa SATA kwenda USB unatosha kwa diski za inchi 2.5, kwa kuwa zinatumia volti 5 tu. Aliichomeka kwenye kompyuta ya shule, akaendesha H2testw, programu ya bure inayojaza diski kwa mafaili ya GB 1 moja moja kisha kuyasoma tena na kulinganisha. Kuandika kulikwenda mpaka mwisho bila lalamiko. Kusoma ndiko kulikofichua: kiasi kilichorudi salama hakikufika GB 64, kilichobaki kilikuwa takataka. Diski za namna hii zimepangwa zitangaze ukubwa zisio nao. Windows ingeingia, ingewaka, mwalimu angeshukuru, na miezi kadhaa baadaye, zikijaa zile gigabaiti za kweli, mafaili mapya yangeanza kuharibika kimyakimya. Hilo linaniudhi kuliko diski inayokufa kwa kelele, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyekuwa anajaribu kurekebisha mambo.

Picha ya majibu ya kipimo alimtumia muuzaji. Duka likaipokea diski, akaongeza pesa, akapata ya GB 240. Nayo ilipimwa vilevile. Ikatoka safi.

Siku ya skrubu

Sehemu hii ndiyo watu huiogopa, na ndiyo fupi. Alizima kabisa, akatoa chaja, akachomoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Akashika kitu cha chuma kumaliza umeme tuli mwilini. Chini ya mashine skrubu moja inalegezwa, kifuniko cha pembeni kinatoka, na kuna kiutepe cha plastiki cha kuvutia. Diski ikateleza nje.

Kwenye pande mbili za diski ya zamani kulikuwa na vishikizi vya mpira. Aliviona vimechakaa, akaviweka pembeni, akaisukuma SSD bila hivyo. Iliingia, kifuniko kikafunga. Alipowasha, kioo kikaandika PXE-E61: Media test failure, check cable.

Alianza kutafuta waya uliolegea ndani ya mashine. Waya unaotajwa pale ni wa mtandao. Mashine ilikuwa imekosa diski ya kuwakia, ikajaribu kuwaka kupitia mtandao, ikakuta hakuna waya wa mtandao uliochomekwa. Ukiona PXE baada ya kubadilisha diski, maana yake ya kweli ni kwamba diski haijaonekana. Vile vishikizi vya mpira haviko pale kwa kuzuia mtikisiko tu. Ndivyo vinavyoinyanyua diski ikae sawa na meno ya SATA. Bila hivyo SSD ililala chini kidogo na meno hayakukutana. Alivirudisha, akasukuma mpaka akahisi imekaa, akaingia kwenye mipangilio kwa F1, na jina la SSD likaonekana kwenye orodha.

Windows 10 iliingia kutoka kwenye flashi ileile. Haikuomba namba ya leseni, kwa sababu leseni yake ya kidijitali ilikuwa imefungwa na ubao mama, ambao haukubadilika. Siku hizi uamuzi huu ningeujadili upya. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo kwenye zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa mwalimu mwenye mashine kama hii ningemwonyesha Linux Mint na LibreOffice, na kumjaribishia kwanza mafaili yake ya Excel yenye fomula.

Matokeo

Laptopu inawaka kwa muda usiofika nusu dakika. Alama zilifika ofisini kwa wakati. Kilichopotea ni video mbili za sherehe na lile faili moja la Kidato cha Pili. Hata kwenye nakala ya diski nzima lilitoka limeharibika katikati. Mwalimu aliliandika upya kutoka kwenye karatasi ya matokeo iliyokuwa bado imebandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Uchambuzi

Kilichoamua kisa hiki ni mpangilio wa kazi. Kuokoa, kupima, kisha kubadilisha. Wengi huanza na bisibisi kwa sababu ndiyo inayoonekana kama ufundi.

`chkdsk /r` ndiyo hatua iliyogharimu zaidi. Inasoma diski nzima, inarudia rudia sehemu mbovu, na inaandika marekebisho kwenye mpangilio wa mafaili. Kwa diski yenye afya iliyozimwa vibaya, inasaidia. Kwa diski ambayo ugonjwa wake ni wa chuma, ni kumtoa mgonjwa kitandani akimbie. Mwenzake alitenda kwa nia njema na kwa ushauri unaozunguka kila mahali. Kilichokosekana ni swali moja kabla ya kuanza: je, diski hii inalia au SMART yake ina sekta zinazosubiri? Siwezi kudai kwamba faili la Kidato cha Pili liliharibika usiku ule. Ninachojua ni kwamba siku iliyotangulia mwalimu alilifungua, polepole, na lilifunguka.

Kuchukua folda ndogo kabla ya nakala nzima ni jambo ambalo waokoaji wa data wengi wangelipinga, na hoja yao ni ya haki: kusoma faili moja moja hukirusha kichwa cha diski huku na huku, wakati nakala nzima husoma kwa mstari. Nilikubali hatari hiyo kwa sababu folda zilikuwa ndogo na thamani yake ilikuwa mbali sana na vitu vingine vyote. Zingekuwa GB 80 zilizotawanyika, ningeanza na `ddrescue`.

Kupima diski mpya kulichelewesha kazi, na mwalimu alichoka kusubiri. Ni sehemu ambayo sitaipunguza hata kwa mtu mwenye haraka. Bei ilikuwa dalili tosha ya kutilia shaka, ila shaka haimrudishii mtu pesa dukani. Picha ya kipimo ndiyo iliyomrudishia.

Kwenye vishikizi vya mpira, picha moja ya simu iliyopigwa kabla diski haijatoka ingemaliza utata. Alipiga picha ya skrubu, hakupiga ya diski yenyewe ikiwa na vishikizi vyake. Kwenye laptopu nyingine badala ya mpira utakuta fremu ya chuma yenye skrubu nne, na kuna ambazo SSD ya unene wa milimita 7 hucheza ndani ya nafasi iliyotengenezwa kwa diski ya milimita 9.5. Hapo kipande cha sponji au fremu ya plastiki huwekwa kuziba.

Nakala ya akiba sasa ipo. Kila Ijumaa folda ya matokeo inakwenda kwenye flashi na kwenye barua pepe yake mwenyewe, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Diski ya zamani ilikaa kwenye bahasha mpaka alipohakikisha hakuna alichosahau. Kuifuta kwa programu kusingeaminika, kwa kuwa sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma huenda pia ikashindwa kuziandika. Mafundi wa karakana ya jirani waliitoboa kwa drili mara kadhaa kupita kwenye sahani, mwalimu akiwa amesimama pale, kisha akafuta ile nakala ya diski nzima kwenye diski ya mwenzake kabla ya kuirudisha.